Mchina Alivyomuokoa Mjapani: Historia ya Injini Iliyo Chini ya Bodaboda, na Honda CG125 Iliyofufuliwa Uani Tabata

Leo mastaa na wachumba zao tunawaweka pembeni kidogo, tunaongelea chuma. Usiondoke, maana hii inakuhusu hata kama hujawahi kushika spana maishani mwako.

Kama umewahi kupanda bodaboda ya Kichina, zile SanLG, Fekon na ndugu zao, kuna uwezekano mkubwa ulikalia mchoro ambao umri wake ni sawa na wa mzazi wako. Na mchoro wenyewe haukuzaliwa China. Ulizaliwa Japani na ukaingia sokoni mwaka 1976. Jina lake Honda CG125. Wengi tunapiga kelele "Mchina huyo, feki huyo", halafu hatujui feki ya nini, na ilikuwaje mpaka ikatufikia.

Nimeanza kuifuatilia hii habari kwa sababu ya jamaa yangu mmoja wa Tabata. Jina namhifadhi, hapendi kiki za mtandaoni. Uani kwao kulikuwa na CG125 ya mwanzoni mwa miaka ya 80, ya marehemu baba yake. Imelala chini ya mwembe miaka na miaka, kuku wametaga kwenye siti, tenki limekula kutu. Kaka zake wakaleta mtu wa chuma chakavu aje apime kilo. Pikipiki ile ina kilo kama 100 hivi, na hela iliyotajwa ilikuwa haitoshi hata kununua simu nzuri. Jamaa akakataa. Akaomba apewe miezi sita. Ikishindikana kuwaka, ipimwe.

Sasa ili uelewe kwa nini ilifufuka, inabidi kwanza ujue ilitengenezwaje. Twende taratibu.

Waliotumwa kwenda kuangalia watu wanavyoharibu pikipiki

Honda kama kampuni ilianzishwa 1948 na Soichiro Honda, fundi wa kujifunzia mtaani ambaye baada ya vita alianza kwa kufunga vijiinjini kwenye baiskeli ili watu wapate usafiri. Mwaka 1958 wakatoa Super Cub, ile pikipiki ndogo ya kukanyagia katikati, ambayo hadi 2017 zilishatengenezwa zaidi ya milioni 100. Kwa hiyo ilipofika miaka ya 70 Honda hawakuwa watoto kwenye mchezo huu.

Tatizo likawa hili. Walikuwa na pikipiki nzuri za 125, zina injini ambayo kamshafti iko juu kichwani. Kwa wasiojua: injini ina valvu mbili, moja inaingiza mchanganyiko wa petroli na hewa, nyingine inatoa moshi. Kuna chuma kinazunguka kina kinundu, kinundu kikifika kinasukuma valvu inafunguka. Chuma hicho ndiyo kamshafti. Ikikaa juu kichwani inahitaji cheni ndogo ndani ya injini ya kuizungusha, na inahitaji oili safi ipande mpaka juu kule kila sekunde. Ukibadilisha oili kwa wakati, injini hiyo ni tamu kweli. Usipobadilisha, inajila yenyewe.

Na huku nje, kwenye nchi kama Thailand, Iran na Pakistan, watu walikuwa hawabadilishi. Honda wakawatuma wahandisi wao wakaone kwa macho. Walichokuta huko, wewe na mimi tunakijua bila kwenda kokote: mtu anapakia familia nzima na gunia juu, oili inaongezwa tu haimwagwi, kichujio cha hewa kimejaa vumbi, cheni imelegea inapiga makelele, upepo wa tairi ni wa kukisia.

Hapa ndipo napowapenda hao watu, ambao majina yao hayako kwenye midomo ya mtu yeyote mtaani. Wangeweza kurudi Japani wakaandika ripoti kwamba wateja wa nchi maskini ni wazembe, wapewe semina. Wakafanya kinyume chake. Wakasema huyu mtu habadiliki, ana sababu zake, hela ya oili ndiyo hela ya unga, basi tubadilishe injini.

Wakaitoa kamshafti juu kichwani wakaishusha chini, ikazungushwa kwa gia moja kwa moja. Cheni ya ndani ikafutwa kabisa, hakuna tena kitu cha kukaza wala cha kukatika. Kutoka chini mpaka kwenye valvu wakapandisha fimbo mbili nyembamba za kusukuma. Halafu wakafanya ubahili wa akili sana: badala ya kinundu kimoja kwa kila valvu, wakaweka kinundu kimoja tu kinachohudumia valvu zote mbili. Vipande vichache, vya kuharibika vichache.

Oili nayo haikuwekewa kile kichujio cha karatasi unachonunua na kutupa, maana walijua hakitanunuliwa. Wakaweka wavu, pamoja na kikombe kinachozunguka kwa kasi na injini yenyewe, uchafu unarushwa pembeni na kuganda humo. Cheni ya nyuma ikafungiwa ndani ya boksi la bati, vumbi lisiifikie. Kuwasha ni kiki ya mguu, betri ife isife unaondoka.

Kwa lugha fupi, CG125 ilichorwa kwa ajili ya mtu asiye na hela ya gereji. Ilichorwa kwa ajili yetu kabla hatujazaliwa.

Pelé, Brazil, halafu China

Mwaka huohuo wa 1976 Honda walifungua kiwanda Manaus, ndani kabisa ya Amazon huko Brazil, na CG125 ndiyo ilikuwa pikipiki yao ya mwanzo pale. Kuitangaza wakamchukua nani? Pelé mwenyewe. Kwa hiyo ukiambiwa pikipiki hii iliwahi kuwa na staa, ni staa hasa. Wabrazil wakaipenda mpaka CG ikawa jina la kila siku, na matoleo yake yameendelea kutoka kule hadi zama hizi.

Pakistan nako hadithi ni ileile. Mwanzoni mwa miaka ya 90 ikaanza kutengenezwa kulekule, na imeendelea miaka nenda rudi, umbo lilelile, mlio uleule, vijana wa kule wanaitambua kwa sikio ikiwa mtaa wa pili.

Sasa China. Katika miaka ya 90 viwanda vya pikipiki viliota kama uyoga, hasa mji wa Chongqing. Walihitaji injini rahisi kutengeneza, inayovumilia, isiyohitaji mashine za ajabu. Waliangalia kushoto na kulia, wakaiona CG. Na hapa uelewe kitu kimoja: hati miliki ya ubunifu wa kiufundi kwa kawaida hudumu miaka 20 hivi. Mchoro wa miaka ya 70 mpaka kufika katikati ya 90 ulishazeeka. Kiwanda kikanakili, kingine kikanakili kile kilichonakili, mpaka injini ya CG ikawa kama mapishi ya chapati, kila nyumba inapika yake.

Honda hawakukaa kimya. Pale mtu alipochezea jina lao walikwenda mahakamani. Kampuni ya Lifan ilishitakiwa kwa kutumia jina "Hongda" kwenye pikipiki, na mwaka 2004 mahakama huko Beijing ikawapa Honda ushindi. Lakini kwenye upande wa kutengeneza, Honda walikuwa wameshacheza mchezo mwingine. Mwaka 2001 waliungana na Sundiro, kampuni ya Kichina iliyokuwa inatengeneza pikipiki zinazofanana na za kwao, wakaanzisha kampuni ya pamoja. Yaani umemkuta mtu anauza chapati kwa mapishi yako, badala ya kugombana naye mpaka kesho, unamwambia basi tufungue mgahawa wote.

Zinatua Dar

Neno bodaboda lenyewe lilianza na baiskeli, mpakani Busia kati ya Kenya na Uganda, miaka ya 60, watu wakivushwa toka mpaka hadi mpaka. Kwetu Tanzania pikipiki za kubeba abiria zilianza kwa kujificha, mpaka kanuni za 2010 zikaja kuzitambua rasmi pikipiki na bajaji kama usafiri wa biashara. Vijana walishakuwa barabarani, na wengi wao chini ya tako walikuwa na injini ile ile ya fimbo mbili na kinundu kimoja, imeandikwa majina kumi tofauti ubavuni.

Na zilipokuja pikipiki, zikaja na spea. Hili ndilo la msingi katika hadithi yetu. Maduka ya Kariakoo yakajaa pistoni, ringi, gasketi, sahani za klachi, kabureta, nyaya za breki, vyote vya ukoo wa CG. Kila kona ya mji akatokea fundi anayeweza kuifungua injini hiyo huku anapiga stori za Simba na Yanga, haangalii hata mikono.

Wakati huohuo, Honda yenyewe ya jamaa yangu ilikuwa inaoza chini ya mwembe. Mzee wake alipoipaki, spea za Honda orijino zilikuwa zinaagizwa, na bei yake ulikuwa unaambiwa ukiwa umekaa. Ndiyo maana haikutengenezwa. Pikipiki haikufa kwa sababu ya ugonjwa mkubwa, ilikufa kwa kukosa vitu vidogo.

"Usiipige kiki"

Jamaa alimfuata mzee mmoja Buguruni, fundi wa zamani ambaye siku hizi anafungua pikipiki mbili tatu kwa wiki kwa sababu ya mgongo. Alimpa shikamoo, akamwonyesha picha kwenye simu. Mzee akaangalia, akauliza swali moja:

"Mmeshaipiga kiki?"

"Bado, mzee."

"Msiipige. Hapo mmeokoa nusu ya hela."

Sababu yake ni hii, na ukikuta chuma kilichokaa muda mrefu uikumbuke. Ndani ya silinda kutu inaweza kuwa imeshikana na ringi za pistoni. Ukipiga kiki kwa nguvu unakwangua silinda au unavunja ringi. Unatoa plagi, unamimina oili kidogo kwenye tundu lake, unaacha siku kadhaa ipenye. Halafu unaizungusha taratibu kwa mkono kupitia nati ya sumaku upande wa kushoto. Ya jamaa ilikataa siku nne. Siku ya tano ikasogea kidogo, ikaguna, ikazunguka.

Baadaye walipofungua ubavu wa kulia, upande wa klachi, mzee akamwambia asogee aone kitu. Pale mwishoni kuna kile kikombe nilichokisema, kina kifuniko cha skrubu tatu. Wakakifungua. Ndani kulikuwa na tope jeusi zito, limejaa mpaka ukingoni, unaweza kulichota kwa kijiko kama ugali wa mtama.

Lile tope ni miaka ya oili isiyomwagwa. Ni safari za mzee wa jamaa, kazini na kurudi, na shule za watoto watano zilizolipwa kwanza kabla ya oili. Mhandisi mmoja wa Kijapani, hatumjui kwa jina, alikaa mezani miaka ya 70 akajua kabisa hilo tope litakuja, akaliwekea chumba. Injini haikufa kwa sababu uchafu ulipewa pa kukaa. Jamaa aliniambia alikaa kimya muda mrefu akiangalia kile kikombe, na mimi nilipoletewa picha nilielewa kwa nini.

Kazi yenyewe, kwa wanaotaka kujaribu nyumbani

Sitaandika kitabu, nawapa yale ambayo yalileta tofauti.

*Piga picha kabla ya kufungua chochote.* Kila waya, kila nati. Tia nati kwenye makopo ya maziwa, andika juu. Baada ya miezi miwili hutakumbuka kitu, hata uwe na akili kiasi gani.

*Tenki.* Kutu ya ndani aliitoa kwa siki. Alijaza, akatia nati kuukuu kama 30 za kukwangulia, akatikisa, akaacha siku mbili, akatikisa tena. Akamwaga, akasuuza kwa maji yenye magadi ili kuua ile asidi, akakausha juani, akapaka oili nyembamba ndani haraka kabla kutu haijarudi. Kama tenki lina petroli ya zamani, mwaga nje, mbali na jiko na sigara. Mvuke wa petroli hauna urafiki na mtu.

*Silinda.* Kipenyo cha CG125 ni milimita 56.5. Kwa kuwa kutu ilikuwa imeacha makovu, ilibidi silinda ichongwe kidogo karakana na kufungwa pistoni ya saizi iliyoongezwa. Hapa ndipo Mchina alipoingia. Pistoni na ringi za ukoo wa CG zilikuwepo Kariakoo, dukani pa kwanza walipoingia, kwa bei ambayo mzee wake enzi hizo angeiona ni utani. Ila angalia usije ukapewa za injini za 150. Hizo kipenyo chake ni milimita 62, kwa nje zinafanana kama mapacha.

*Beba kipande cha zamani mkononi.* Mzee wa Buguruni hakukubali kununua kitu kwa maneno. Kila spea ililazwa juu ya kaunta ubavuni mwa ile ya zamani, ikapimwa kwa macho na kwa rula. Sahani za klachi ziliingia, waya wa klachi ukaingia, gasketi nyingine ikaingia na nyingine ikakataa kwa tundu moja tu. Kopi zimetoka kwa viwanda vingi, kila kimoja na tabia yake. Ukiambiwa "hii inaingia zote", tabasamu, halafu pima.

*Umeme.* Hapa Mchina hakusaidia sana. CG za zamani kama hiyo zinatumia volti 6, na cheche inatoka kwenye pointi, vile vichuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Pikipiki za siku hizi ni volti 12 na kiboksi cha elektroniki. Ukifunga balbu ya volti 12 kwenye mfumo wa volti 6 itawaka kama mshumaa wa msibani. Jamaa alisafisha pointi kwa msasa laini kabisa, akaziachia nafasi ya kati ya milimita 0.3 na 0.4, cheche ikaja, ya bluu, unaisikia ikilia. Balbu za volti 6 alizitafuta wiki tatu.

Kutyuni ni kusikiliza

Ikafika sehemu ambayo wengi wanaharakisha. Pikipiki imewaka, kelele za furaha, video inapandishwa. Lakini kuwaka si kutembea.

Kwanza tapeti. Injini ikiwa ya baridi kabisa, pistoni iko juu na valvu zote mbili zimefungwa, alama ya T kwenye sumaku imekaa sawa, unapima nafasi kwa fila geji, kile kijisu cha vibati vyembamba vyenye namba. CG125 inataka milimita 0.08, valvu zote mbili. Ukibana sana, valvu haifungi vizuri, inaungua. Ukiachia sana, inagonga kama cherehani. Mzee wa Buguruni anasema mlio mdogo wa tapeti kwenye CG ni salamu, si ugonjwa. Ikinyamaza kabisa, hapo uwe na wasiwasi.

Pili kabureta. Mwanzoni jamaa alinunua kabureta mpya ya kopi, injini ikawaka siku ileile. Ila sailensa ikawa haitulii. Unaachia eksileta, injini inapanda yenyewe, inashuka, inataka kuzima, inapanda tena. Wakahangaika nayo jioni mbili. Mwisho mzee akasema leta ile ya zamani. Wakaichemsha kwenye maji, wakapuliza kila kitundu, wakabadilisha gasketi na kile kisindano kinachofunga petroli, wakairudisha. Skrubu ya mchanganyiko wakaifunga mpaka mwisho taratibu bila kukaza, wakaifungua mzunguko mmoja na nusu, halafu robo kwa robo huku wanasikiliza. Kuna mahali injini inalainika, mlio unajikusanya, unaona kabisa haihangaiki. Hapo unaacha.

Tatu plagi, ndiyo shahidi wa mwisho. Tembea kilomita kadhaa, zima, itoe uiangalie. Nyeusi yenye masizi, petroli ni nyingi. Nyeupe kama chaki, petroli ni kidogo na injini inaungua kimyakimya. Ikiwa ya kahawia, rangi ya biskuti, uko sawa. Ya jamaa ilitoka nyeusi mara mbili, mara ya tatu ikatoka biskuti.

Ilichukua miezi mitano na siku kadhaa. Bi Mkubwa wake, ambaye muda wote alikuwa hasemi kitu kuhusu ile pikipiki, siku ilipotulia alitoka jikoni akasimama mlangoni. Akasema tu, "Baba yenu alikuwa anaizimia pale kwenye kona, asiwaamshe." Kaka mkubwa, yule aliyeleta mtu wa mizani, ndiye aliyeomba kuwa wa kwanza kuipanda mpaka kona na kurudi.

Kwa hiyo nani feki?

Nimeyasema yote haya nifike hapa. Sisi tuna tabia ya kugawa vitu viwili, orijino na feki, na stori inaishia hapo. Ukweli wa injini hii umekaa vingine. Mjapani aliichora kwa ajili ya mtu asiye na hela, lakini baada ya muda spea zake zikawa za mtu mwenye hela. Mchina akainakili kwa tamaa ya soko, na kwa kufanya hivyo akaifikisha kwa yule yule mtu aliyekusudiwa tangu mwanzo. Halafu miaka ikaenda, ile orijino imelala chini ya mwembe, kopi ndiyo iliyoitolea damu ikaamka. Mtoto kamchangia mzazi figo.

Simaanishi kila kitu cha kopi ni kizuri. Kabureta mmeisikia. Chuma cha kopi nyingine ni laini, ukikaza nati kidogo tu mistari inakatika, na waendesha boda wanajua uchungu wake kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba bila wale wanakili, na bila vijana wa Kariakoo wanaouza pistoni kama karanga, hii pikipiki ya marehemu leo ingekuwa nondo.

Na kuna jambo linanipa haraka. Angalia barabarani sasa hivi. Boxer na TVS za Kihindi zimejaa, na injini zake ni za ukoo mwingine, hazichangii damu na CG. Za umeme nazo zimeanza kupita zikinong'ona. Mwenye duka anaweka kinachouzwa. Siku wateja wa ukoo wa CG wakipungua, zile pistoni za 56.5 zitahamia rafu ya nyuma, halafu stoo, halafu zitaisha, na wazee kama wa Buguruni nao hawatakuwepo milele. Dirisha liko wazi leo, sijui litakuwa wazi kwa miaka mingapi.

Kwa hiyo kama uani kwenu, au kijijini kwa babu, kuna Honda ya zamani imefunikwa turubai, kabla mtu wa mizani hajaja, toa plagi, mimina oili kidogo, subiri. Na usiipige kiki.

Jamaa ananiambia sasa anamwaga oili kila mwezi, kwa kalenda. Lakini kile kikombe cha skrubu tatu hakukiondoa wala hakukiziba. Kipo, kinazunguka, kinasubiri uzembe wake.

Haya, tuambiane: kwenu kuna chuma gani kimelala, cha nani, na kimekwama kwa sababu ya kitu gani kidogo?